Haidrojeni ndani ya TiO₂: dalili za kasoro na namna ya kufikia chanzo chake

Anayepasha moto titani dioksaidi (TiO₂) ndani ya haidrojeni huishia kulalamika kwa moja ya namna mbili. Kuna anayetoa unga tanuruni ukiwa mweupe vilevile. Kuna na anayeutoa mweusi tii, akafurahi, kisha vipimo vikakataa kukubaliana na ile rangi. Malalamiko hayo yana mzizi mmoja: haidrojeni hufanya kazi mbili tofauti ndani ya TiO₂, na rangi peke yake haikwambii ni ipi iliyofanyika.

Kazi ya kwanza ni kuingia. Atomi ya haidrojeni hupenya kwenye uwazi wa fuwele, hujishikiza kwa oksijeni ikawa O–H, na kuachia elektroni yake. Kazi ya pili ni kung'oa. Haidrojeni huchukua oksijeni ya fuwele, huondoka nayo kama mvuke wa maji, na kuacha nafasi tupu pamoja na elektroni mbili. Kwa vyovyote vile elektroni za ziada huishia kwenye titani, Ti⁴⁺ ikawa Ti³⁺, na hapo ndipo vipimo vingi vinapochanganya mambo. Tofauti huonekana wakati wa kurekebisha. Haidrojeni iliyoingia huweza kutoka kwa kupashwa joto kwenye ombwe. Oksijeni iliyong'olewa hairudi mpaka uilete nyingine.

TiO₂ safi ni nyeupe kwa sababu pengo lake la nishati, yaani nishati inayohitajika kuipandisha elektroni kutoka ukanda wa valensi hadi ukanda wa upitishaji, ni kubwa: kama eV 3.0 kwa rutili na eV 3.2 kwa anatasi (aina mbili za fuwele za TiO₂), kwa hiyo hunyonya urujuanimno na kuuachia mwanga unaoonekana. Elektroni ikikaa kwenye Ti³⁺ hutengeneza ngazi ndani ya pengo hilo, takriban eV 1 chini ya ukanda wa upitishaji. Ngazi hiyo hunyonya mwanga mwekundu na infraredi, na jicho hubakiwa na buluu, kisha kijivu, kisha nyeusi kadiri ngazi zinavyoongezeka.

Kabla ya kugusa dalili yoyote, pasha sampuli mbili: moja kwenye haidrojeni na nyingine kwenye argoni, ndani ya tanuru lile lile, kwa joto lile lile na muda ule ule. Bila hiyo ya argoni, nusu ya maswali yaliyo hapa chini hayajibiki. Na kwa kuwa haidrojeni huwaka ikiwa kati ya 4% na 75% ya mchanganyiko wake na hewa, safisha mrija kwa argoni kabla ya kuwasha joto na tena kabla ya kufungua.

## Unga umetoka mweupe kama ulivyoingia

Anza na uvujaji. Hewa kidogo inayopenya kwenye kiungo cha mrija inatosha kurudisha oksijeni kwa kasi ileile inayong'olewa. Ishara yake ni unga wa upande mmoja wa chombo kuwa wa kijivu na wa upande mwingine mweupe, hasa ule ulio karibu na kiungo kibovu. Funga vali ya kutolea gesi, jaza shinikizo dogo la argoni, uangalie kama linashuka.

Kama mrija ni mzima, uliza umeupoza vipi. Unga uliotolewa ukiwa bado na nyuzi 200 za Selsiasi ukakutana na hewa huweza kupoteza rangi mbele ya macho yako. Upoze ndani ya gesi ileile mpaka ufike joto la chumba.

Chanzo cha tatu husahaulika zaidi: H₂ ni molekuli sugu. Uso safi wa TiO₂, usio na kasoro, hauwezi kuivunja kirahisi katika joto la kawaida, ingawa huo huo hupokea atomi moja moja za haidrojeni bila shida. Kinachokwama ni kuivunja molekuli. Kuna njia tatu za kulipita hilo: joto zaidi, shinikizo zaidi, au chembe za platini au paladi juu ya unga, ambazo huivunja H₂ na kuzimwaga atomi kwenye oksaidi. Xiaobo Chen, Samuel Mao na wenzao, waliotangaza TiO₂ nyeusi mwaka 2011, walitumia shinikizo la ba 20 kwa nyuzi 200 za Selsiasi kwa muda wa siku 5 hivi, tena juu ya fuwele za nanomita 8 tu. Mtu anayepitisha gesi ya shinikizo la kawaida juu ya unga wa chembe kubwa kwa saa moja asitegemee matokeo yale.

Halafu weupe nao si hukumu. Haidrojeni kidogo inayoingia bila kung'oa oksijeni huongeza upitishaji wa umeme kabla jicho halijaona chochote. Pima ukinzani kabla ya kuitupa sampuli.

## Umekuwa mweusi au wa kahawia, lakini sampuli ya argoni nayo imekuwa hivyohivyo

Basi hiyo si haidrojeni. Mara nyingi ni kaboni. Unga uliotengenezwa kwa titani isopropoksaidi au kwa kiyeyusho chochote cha kikaboni huwa na mabaki ambayo, pasipo oksijeni, hayaungui; hugeuka masizi membamba yaliyoshika kila chembe. Kwenye Raman (kipimo cha mitetemo ya atomi kwa mwanga wa leza) tafuta vilima viwili vipana karibu na 1350 na 1580 cm⁻¹. Dawa yake ni kuuchoma unga hewani kwanza kwa nyuzi 400 hadi 450 mpaka uwe mweupe kabisa, ndipo uupeleke kwenye haidrojeni.

Mizani inatenganisha kesi hizi vizuri kuliko jicho, na sijui kwa nini watu huikimbilia mwisho. Chukua mg 100 za unga mweusi, uupashe hewani hadi nyuzi 600 huku ukifuatilia uzito. Tuseme haidrojeni iling'oa 1% ya oksijeni, ukapata TiO₁.₉₈. Ikirudi, uzito utapanda kwa takriban mg 0.4. Tuseme badala yake haidrojeni iliingia tu, atomi moja kwa kila titani 100. Ikitoka, uzito utashuka kwa takriban mg 0.013, kiasi ambacho mizani nyingi hazitakiona. Kaboni ikiwepo, uzito utashuka waziwazi kati ya nyuzi 300 na 500, na gesi inayotoka itakuwa na CO₂. Kushuka kwa chini ya nyuzi 200 ni maji yaliyoshikwa usoni, yasikubabaishe. Kwa hiyo unga ukipanda uzito, oksijeni iling'olewa; ukishuka sana, una masizi; usipotikisika huku rangi ikipotea, haidrojeni iliyoingia ndiyo mshukiwa wa kwanza.

Kesi huchanganyika, bila shaka. Kaboni inaweza kuficha ongezeko la oksijeni, na ndiyo maana unga unapaswa kuwa umechomwa hewani kabla.

## Buluu inapotea ukifungua chupa

Hii ni tabia, wala haihitaji tiba, ila inakwambia elektroni ziko wapi. TiO₂ iliyoangaziwa urujuanimno ndani ya methanoli isiyo na oksijeni hugeuka buluu kwa sababu methanoli hula matundu (nafasi zenye chaji chanya zinazoachwa na elektroni zilizoruka) na elektroni hubaki zikikaa kwenye titani, kila moja ikiwa na protoni ya kusawazisha chaji. Elektrodi iliyosukumwa kwenye volteji hasi ya kutosha ndani ya asidi hufanya vivyo hivyo. Ingiza hewa: oksijeni hunyakua elektroni, huwa O₂⁻, na buluu huondoka kwa dakika au saa chache.

Unga uliopashwa ambao unadumu miezi hewani una elektroni zilizo ndani zaidi, au uso wake umefunikwa na tabaka linalozuia oksijeni. Kwa ile TiO₂ nyeusi ya 2011, wagunduzi wake walieleza kuwa kiini cha fuwele kilizungukwa na tabaka la atomi zilizovurugika lenye unene wa nanomita 1 hivi. Ukitaka rangi idumu, pasha kwa muda mrefu zaidi badala ya kupandisha joto tu. Joto kubwa lina gharama zake, kama utakavyoona.

## XPS haioni Ti³⁺, au inaiona mahali isipostahili

XPS, kipimo kinachotoa elektroni kwa eksirei na kusoma nishati zake, huona nanomita chache za juu. Unga uliosafirishwa hewani una uso uliokwisha kurudishiwa oksijeni, kwa hiyo Ti 2p₃/₂ hutokea karibu na eV 458.5 hadi 459, ile ya Ti⁴⁺, hata kama ndani kumejaa Ti³⁺. Usihitimishe kuwa haidrojeni haikufanya kitu. Nenda kwenye EPR, kipimo cha elektroni zisizo na mwenzake kwa sumaku, kinachoona sampuli nzima: Ti³⁺ ya anatasi huonekana karibu na g (namba inayotambulisha kila mstari) ya 1.99 na 1.96, ikipimwa kwenye baridi ya nitrojeni ya kimiminika au chini yake. Kwenye joto la chumba mstari huo hupanuka mpaka ukapotea, na mengi yanayoitwa kukosekana kwa Ti³⁺ ni kipimo kilichofanywa kwenye joto lisilofaa. Mstari mwembamba karibu na 2.003 uutazame kwa shaka, kwa maana kaboni nayo huutoa.

Upande wa pili, kuna bega dogo karibu na eV 457 linalojitokeza baada ya kusafisha uso kwa ioni za argoni. Hilo umelitengeneza mwenyewe. Argoni hupiga oksijeni nje kwa urahisi kuliko titani, na TiO₂ yoyote, hata isiyowahi kukutana na haidrojeni, itaonyesha Ti³⁺. Pima bila kusafisha, au safisha na ile sampuli ya argoni kwa dozi ileile ulinganishe.

Na XPS haiioni haidrojeni yenyewe. Kilima cha O 1s karibu na eV 531.5 hadi 532 ambacho huitwa O–H kinaweza kuwa maji, kaboneti, au uchafu wa mikono. Ukitaka kuthibitisha kuwa haidrojeni imo ndani, rudia jaribio kwa deuteri (haidrojeni nzito, D). Katika fuwele ya rutili, mtetemo wa O–H uko karibu na 3290 cm⁻¹. Ukitumia D₂ huhamia karibu na 2445. Maji ya hewani hayana deuteri ya kutosha kukuiga, kwa hiyo mstari ukihama, gesi yako ndiyo iliyoingia. Sioni jaribio la bei nafuu linalonyamazisha ubishi haraka kuliko hili.

## Pengo la nishati "limeshuka" hadi eV 1.5

Lilisomwa wapi? Kama lilisomwa kwa kuchora mstari ulionyooka kwenye mkia wa mchoro wa Tauc (unyonyaji wa mwanga dhidi ya nishati yake), uwezekano mkubwa pengo halijashuka. Mchoro ule unadai kuwa unyonyaji wote unatoka kwenye elektroni zinazoruka kutoka ukanda wa valensi kwenda ukanda wa upitishaji. Unga wa kijivu una unyonyaji mwingine chini yake: elektroni za Ti³⁺ zinazoruka kutoka ngazi iliyo ndani ya pengo. Jukwaa hilo pana, linaloenea hadi infraredi, huuinua mkia mzima, na mstari wako hukata mhimili mahali popote upendapo.

Tazama ukingo wenyewe, karibu na nm 390. Ukiwa bado upo palepale na mkia umejijenga mbele yake, sema umeongeza ngazi ndani ya pengo. Pengo lililopungua kweli huuhamisha ukingo. Ule mfano wa 2011 ulidai jambo kubwa zaidi, kwamba ukingo wa juu wa ukanda wa valensi ulipanda kwa sababu ya uso uliovurugika, na wao walileta vipimo vya ukanda wa valensi kutetea dai hilo. Usirithi hitimisho lao bila kurudia kipimo chao.

## Mott–Schottky inatoa wafadhili 10²² kwa kila cm³

Mott–Schottky hukadiria, kutokana na kapasita ya elektrodi, idadi ya wafadhili, yaani kasoro zinazotoa elektroni. Fanya hesabu ya haraka kwanza. Rutili ina msongamano wa gramu 4.23 kwa cm³ na uzito wa moli wa 79.87, kwa hiyo ina titani kama 3.2 × 10²² kwa kila cm³. Wafadhili 10²² maana yake ni kwamba titani moja kati ya tatu imepokea elektroni. Hiyo si TiO₂ tena. Ni oksaidi nyingine ya titani, na Raman ingekuwa imekupigia kelele.

Kosa karibu kila mara liko kwenye eneo. Mlingano unatumia kapasita kwa eneo, na ikiongezeka mara 30, idadi ya wafadhili inaongezeka mara 900, kwa sababu kapasita imo kwa mraba. Elektrodi ya mirija ya nano yenye uso halisi mara 30 ya ule uliopima kwa rula itakuzawadia makosa ya karibu tarakimu tatu. Kosa la pili ni thamani ya dielektriki: rutili inafikia 170 kwenye mhimili wa c na 86 kukatiza mhimili huo, huku anatasi ikiwa chini sana ya hapo, lakini 170 huzunguka kutoka makala hadi makala bila kuulizwa ni ya fuwele gani. La tatu ni masafa. Kama mteremko unabadilika ukihama kutoka Hz 100 kwenda kHz 10, namba unayosoma ni ya masafa uliyochagua.

Tumia Mott–Schottky kulinganisha elektrodi mbili zilizotengenezwa sawasawa, moja ya argoni na moja ya haidrojeni, na uripoti uwiano wao. Uwiano hustahimili makosa ya eneo; namba tupu haistahimili.

## Mweusi zaidi, lakini kazi ya mwanga imeshuka

Kazi ya mwanga hapa ni kuvunja maji au uchafu kwa msaada wa mwanga. Hili ndilo linalowavunja watu moyo, na lina sababu nzuri. Mwanga mwekundu unaonyonywa na ngazi za Ti³⁺ huipandisha elektroni kwenye ukanda wa upitishaji, lakini kinachobaki nyuma ni Ti⁴⁺, na hicho hakina nguvu ya kuoksidisha maji. Hakuna tundu kwenye ukanda wa valensi. Kwa hiyo unga unaweza kunyonya karibu kila kitu na kufanya kazi kwa urujuanimno peke yake, kama zamani. Tena nafasi tupu zilizo ndani ya chembe huwa vituo ambako elektroni na tundu hukutana na kufutana kabla ya kufika usoni. Kasoro chache huongeza upitishaji na kusaidia kutenganisha chaji, nyingi huua. Punguza joto hatua kwa hatua mpaka upate kilele cha kazi, na usishangae kilele kikiwa kwenye kijivu hafifu. Kundi la Patrik Schmuki kule Erlangen lilionyesha anatasi iliyopikwa kwa haidrojeni ya shinikizo kubwa ikitoa H₂ kutoka kwenye maji yenye methanoli bila chuma chochote cha thamani, na weusi haukuwa ndio uliopima uwezo huo.

Kagua na eneo la uso. Joto hushikamanisha chembe, na kazi ikishuka kwenye argoni pia, tatizo ni eneo lililopotea.

Halafu kuna mtego wa methilini buluu. Rangi hii hunyonya mwanga unaoonekana yenyewe, ikaweza kuvunjika bila TiO₂ kuamshwa. Baya zaidi, elektroni za Ti³⁺ zinaweza kuigeuza kuwa umbo lake lisilo na rangi pasipo kuivunja. Mmumunyo ukipoteza rangi gizani baada ya unga kuwekwa, tikisa chupa ikiwa wazi: buluu ikirudi, hukuvunja chochote, uliiazima elektroni tu. Tumia fenoli, ambayo haina rangi, upime kinachobaki.

## Rutili imejitokeza bila kuitwa

Haraka tu: kung'olewa kwa oksijeni huharakisha anatasi kugeuka rutili, kwa hiyo joto lililokuwa salama hewani halina uhakika kwenye haidrojeni. Raman ya anatasi ina mstari mkali karibu na 144 cm⁻¹. Rutili hujitangaza karibu na 447 na 612. Shusha joto, ongeza muda.

## Platini juu ya TiO₂ imeacha kushika haidrojeni

Hapa swali la kwanza ni joto la kupunguzia, yaani joto lililotumika kuiondolea sampuli oksijeni kwa haidrojeni. Tauster na wenzake walionyesha mwaka 1978 kwamba platini na metali za ukoo wake zilizo juu ya TiO₂, zikipunguzwa kwa haidrojeni kwenye nyuzi 500 za Selsiasi, huacha karibu kabisa kushika H₂ na CO, ilhali kwenye nyuzi 200 huzishika kama kawaida. Baadaye ilionekana kwamba oksaidi iliyopungukiwa oksijeni hutambaa ikaifunika chembe ya chuma. Watu hudhani platini imekufa au imekusanyika kuwa vipande vikubwa. Ili kutofautisha, oksidisha sampuli, kisha uipunguze tena kwenye nyuzi 200. Uwezo ukirudi, ilikuwa imefunikwa. Usiporudi, chembe zimekua, na hapo hakuna cha kurudisha.

## Kwenye hesabu za kompyuta, elektroni ya haidrojeni imesambaa kila mahali

Fankshonali (kanuni za kukadiria nishati ya elektroni) za kawaida za aina ya PBE hupunguza pengo la rutili hadi karibu eV 1.9 na hupenda kuisambaza elektroni. Matokeo yake unaweka haidrojeni, unapata chuma, unaandika kuwa haidrojeni imeifanya TiO₂ ipitishe umeme kama chuma. Washa spini (mwelekeo wa sumaku wa kila elektroni) kwanza, maana haidrojeni moja huleta elektroni isiyo na mwenzake na hesabu isiyo na spini haiwezi kuiweka mahali. Ongeza U (sahihisho linalozuia elektroni kusambaa) kwenye obiti za d za titani au tumia HSE06, fankshonali sahihi zaidi lakini ghali kwa kompyuta. Vuta oksijeni zinazozunguka titani moja nje kwa Å 0.1 kabla ya kuanza, kwa sababu programu haitavunja ulinganifu kwa hiari yake. Angalia na ukubwa wa kisanduku: seli ya msingi ya rutili ina TiO₂ mbili, kwa hiyo haidrojeni moja ndani yake ni 50% ya titani zote, na hakuna tanuru litakalokupa hiyo.

Majibu ya fuwele hizi mbili yasitarajiwe kufanana. Katika rutili elektroni hukaa kwenye titani moja na kuikunja fuwele kuizunguka, ikawa polaroni ndogo (elektroni iliyonaswa na mkunjo wake yenyewe). Katika anatasi hupenda kuenea zaidi. Rutili yenye elektroni iliyosambaa na anatasi yenye elektroni iliyofungwa kwa U kubwa zote mbili zinahitaji kurudiwa. Kipimo kizuri cha kujikagua ni mtetemo wa O–H, ambao hautegemei sana U: kama rutili yako inautoa mbali na 3290 cm⁻¹ hata baada ya kusahihisha uanharmoniki (mtetemo kutofuata chemchemi kamili), haidrojeni umeiweka kwenye oksijeni isiyo sahihi au inaelekea upande usiofaa, na nafasi hiyo ndiyo ya kurekebisha kabla ya kugusa fankshonali.